Wakfu wa Vitabu: Ni Nani Aliyetunza Maandiko ya Kale?

Wasikilizaji, mazungumzo yetu ya leo ni juu ya sadaka. Lakini si sadaka ya chakula apewayo mwenye njaa, wala ya nguo avikwayo yatima. Hizo kila mtu azijua, na kila dini yazihimiza. Nataka kunena juu ya mali itolewayo ili vitabu, magazeti na hati za kale zisipotee, bali zikae mahali ambapo kila atakaye aweza kuzisoma. Sadaka ya namna hii haina shukrani nyingi, maana mtu atakayenufaika nayo aghalabu hajazaliwa bado siku inapotolewa. Huenda ndiyo sababu watoaji wake ni wachache. Hata hivyo historia ya nchi zetu za Afrika Mashariki yaonyesha wazi kwamba maandiko mengi ya kale tuliyo nayo yamesalia kwa kuwa mtu fulani alikubali kulipa gharama ya kuyatunza. Na pale alipokosekana mtu huyo, maandiko nayo yalikosekana.

Tuanze Mnazi Mmoja, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Msikilizaji asiyepajua mahali hapo na afahamu kuwa ni uwanja wa wazi. Upande wake mmoja iko Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya 1914–1918. Upande wa pili uko mji wa maduka na maofisi. Zamani za utawala wa Waingereza uwanja huu uliachwa wazi makusudi, uwe mpaka wa kutenga makao ya Waafrika na mji wa biashara. Lakini mambo ya dunia hayaendi sikuzote kama yalivyopangwa. Mahali palipokusudiwa kutenga watu pakawa mahali pa kukutania, na kandokando yake na karibu nayo yakasimama majengo matatu ambayo kila moja lina somo lake katika habari yetu.

La kwanza ni jumba la Arnautoglu. Jumba hilo lilijengwa kwa mali ya George Arnautoglu, Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge, aliyelitoa liwe mahali pa mikutano na mafunzo ya wenyeji wa mji. Ilikuwa humo, mwezi wa Aprili 1953, Julius Nyerere alipochaguliwa kuwa rais wa Tanganyika African Association, chama ambacho mwaka uliofuata kiligeuzwa kuwa TANU. Hapa twaona jambo la kwanza kuhusu sadaka iwekwayo kwa ajili ya watu wote: mtoaji hawezi kujua itazaa nini. Yeye hutoa chumba, viti na paa. Watu ndio wanaoleta historia.

La pili lipo katika mtaa wa Lumumba, karibu na uwanja huo huo. Ni jengo ambalo chama cha TANU kilikitolea Chuo Kikuu kilipokuwa hakijapata nyumba yake. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Tanganyika kupata uhuru, chuo kilianza humo na wanafunzi 13 wa sheria. Wanafunzi wa sheria hawawezi kusoma bila vitabu, na kwa hiyo maktaba ya chuo nayo ilianza hapo, katika vyumba vya kuazima. Mwaka 1964 ilihamia Mlimani pamoja na chuo. Maktaba iliyoanza kwa hisani ya chama cha siasa ndiyo iliyokuja kuwa na hazina kubwa ya maandiko ya kale ya Afrika Mashariki, kama tutakavyoona.

La tatu ni Maktaba Kuu ya Taifa, iliyoko katika barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile ile ipitayo kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Mwaka 1960 Bwana Sidney Hockey, aliyekuwa akishughulikia maktaba katika East African Literature Bureau, alitoa taarifa juu ya namna ya kuanzisha maktaba za watu wote katika nchi zetu. Sheria ya kuanzisha Huduma za Maktaba Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kumbukumbu ya uhuru, Rais Nyerere alilifungua jengo hilo la Maktaba Kuu. Toka siku ile mtoto wa Kariakoo aliweza kutembea kwa miguu mpaka kwenye vitabu ambavyo baba yake hakupata kamwe nafasi ya kuvishika.

Sasa yafaa tuulize: ikiwa serikali imeweka sheria na kujenga nyumba, sadaka ya nini tena? Jibu limo katika sheria yenyewe. Mwaka 1962 Tanganyika iliweka sheria ya kuwataka wachapaji wapeleke nakala za vitabu vyao maktabani bila malipo. Ni sheria njema, ambayo mataifa mengi ya ulimwengu yanayo mfano wake. Lakini sheria hutazama mbele, haitazami nyuma. Haiwezi kumwamuru mchapaji aliyekufa, wala gazeti lililokwisha fungwa. Maandiko yote yaliyotangulia mwaka ule hayana sheria ya kuyaleta maktabani. Hayo huja kwa njia tatu tu: kununuliwa, kutolewa kama zawadi, au kuokotwa kwa bahati.

Wala maandiko hayo si machache. Hapo Tanga, wakati wa Wadachi, kama wazee wetu walivyowaita Wajerumani, gazeti la Kiongozi lilianza kuchapishwa mwaka 1904. Mwezi wa Januari 1923 Idara ya Elimu ilianza kutoa Mambo Leo hapa Dar es Salaam. Mwaka 1937 Erica Fiah, mtu wa asili ya Uganda aliyekuwa na duka mjini, alianzisha gazeti la Kwetu, ambalo lilikuwa mali ya Mwafrika na lilisema mambo ya Waafrika kwa sauti yao. Katika magazeti ya namna hii ndimo zilimo barua za wasomaji, mashairi ya kujibizana, bei za vitu, taarifa za vifo, na malalamiko ya watu waliokuwa na shida zao. Mwenye kutaka kujua jinsi mtu wa Kariakoo alivyoishi mwaka 1938 hawezi kuyapata yote katika taarifa za magavana. Sharti amsikilize jirani yake akinung'unika, na manung'uniko hayo yaliandikwa gazetini.

Lakini gazeti ni kitu dhaifu kuliko vyote. Karatasi yake hutengenezwa kwa mti uliosagwa, na ndani ya mti ule mna kitu kinachozaa asidi kadiri miaka inavyopita. Jua na joto huharakisha kazi hiyo. Karatasi hugeuka rangi ya manjano, kisha ya kahawia, na mwisho hukatika mkononi kama jani kavu. Hapo tena bado hatujataja mchwa, mende, na kuvu iletwayo na unyevu wa pwani. Jambo la kushangaza ni kwamba karatasi za kale zaidi, zilizotengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, huishi kuliko hizi. Hati iliyoandikwa kwa mkono miaka 200 iliyopita yaweza kuwa imara, na gazeti alilosoma babu yetu likawa limekwisha kuwa unga. Kwa hiyo maandiko yaliyo hatarini mno si yale ya mbali sana, bali ni yale ya jana.

Hebu tuone gharama ya kuokoa gazeti moja la namna hiyo. Hapana budi apatikane fundi aliyefunzwa kushona na kubandika karatasi bila kuiharibu. Maana gundi ya kawaida na utepe wa kunata huidhuru karatasi kuliko ule mpasuko wenyewe. Yatakiwa makasha ya karatasi isiyo na asidi, chumba kisicho na joto wala unyevu mwingi, na umeme wa kukiendesha chumba hicho usiku na mchana. Kisha apatikane mpigapicha wa kupiga kila ukurasa, na mwandishi wa kuandika orodha. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachoonekana na mtu apitaye njiani. Jengo jipya lina sherehe ya ufunguzi na jiwe la kumbukumbu. Kasha la karatasi halina. Ndiyo maana fedha za bajeti hukimbilia jengo, na kasha likaachiwa mwenye huruma.

Watu wa pwani hawakungoja wageni waje kuwafundisha jambo hili. Tunalo neno letu la tangu kale, nalo ni wakfu. Mtu akitoa shamba, nyumba au kisima kuwa wakfu, huondoa umilikaji wake kabisa: kitu kile hakiuzwi, hakitolewi zawadi, wala hakirithiwi, faida yake tu ndiyo inayoendelea kutumiwa na watu. Wanavyuoni wa mwambao wetu waliifuata desturi hiyo hata kwa vitabu. Katika msikiti wa Riyadha huko Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh mwishoni mwa karne ya 19, vimehifadhiwa vitabu vya mkono ambavyo vingi vimeandikwa ndani yake kuwa ni wakfu. Maandishi hayo mafupi ni ngome ya kitabu. Mrithi akitaka kukiuza, kitabu chenyewe chamkataza.

Sayyid Barghash wa Unguja naye alilifanya jambo la kufanana na hilo kwa njia ya kisasa ya zama zake. Alileta mtambo wa kupiga chapa, na karibu na mwaka 1880 ukaanza kuchapa vitabu vya sheria ya madhehebu ya Ibadhi, kikiwamo kile kitabu kirefu mno kiitwacho Qamus al-Shari'a, cha mwanachuoni wa Oman, Jumayyil bin Khamis al-Sa'di. Hadi siku hizo kitabu kama hicho kilinakiliwa kwa mkono, na nakala zake zilihesabika. Chapa ilikitoa katika hatari ya kupotea kwa moto mmoja au kwa mchwa wa nyumba moja. Na hapa twapata kanuni ambayo watunza maktaba wote waijua: kitu chenye nakala nyingi mahali pengi hakifi upesi.

Hata hivyo, wakfu wa kale ulikuwa na upungufu wake. Ulikilinda kitabu kisiuzwe, lakini haukuweka kila mara fungu la kukitengeneza kikichakaa. Na vitabu ambavyo havikuwa wakfu vilikwenda na upepo. Vingi vilivyonusurika vilinusurika kwa kuondoka. Hati ya Utendi wa Tambuka, utungo wa mwaka 1728, imehifadhiwa Hamburg, Ujerumani. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikusanywa na Mwalimu Sikujua kwa ajili ya padre Mwingereza, W. E. Taylor; karatasi hizo zikafika London, nazo ziko katika chuo kiitwacho SOAS. Ni kutokana na karatasi hizo William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka mwaka 1940, huko Johannesburg. Tazameni mzunguko huo: maneno ya mtu wa Mombasa yalisafiri mpaka Uingereza na Afrika ya Kusini kabla hayajamrudia mjukuu wake katika kitabu.

Je, tuwashukuru waliozichukua, au tuwalaumu? Nadhani yatupasa kufanya yote mawili kwa kiasi. Tuwashukuru, kwa kuwa Mwalimu Sikujua na Taylor wasingefanya kazi ile, huenda leo tusingekuwa na nusu ya Muyaka. Lakini tukumbuke pia kwamba mwanafunzi wa Kisauni au wa Kariakoo hana nauli ya kwenda London, na kwamba hazina iliyo mbali na wenyewe ni nusu hazina.

Kwa ajili hiyo yafaa sana kukumbuka kazi ya Bwana J. W. T. Allen. Katika miaka ya 1960 alizunguka miji ya pwani akitafuta hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kanda za sauti za waimbaji na wasomaji. Mara hii hati hazikupelekwa ng'ambo. Ziliwekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile iliyozaliwa mtaa wa Lumumba. Orodha yake ilichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1970, na kwa orodha hiyo mtu wa nchi yoyote aweza kujua kilichomo. Katika maktaba hiyo hiyo ziliwekwa pia karatasi za Hans Cory, aliyeandika habari nyingi za mila na sheria za makabila ya Tanganyika, na za Henry Fosbrooke. Zawadi ya namna hii, yaani karatasi za maisha ya mtu mmoja, ni katika sadaka zenye thamani kubwa kuliko zote, nayo haihitaji utajiri. Yahitaji tu kwamba mtu asichome kile alichokiandika.

Nimetaja orodha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na katika mambo ya maktaba maneno haya ni kweli tupu. Mfano wake bora ni hati za serikali ya Wadachi. Walipokuwa wakirudi nyuma mbele ya majeshi ya adui mwaka 1916, waliyafukia majalada yao ardhini huko Tabora. Yakafukuliwa baada ya vita, yakarudishwa Dar es Salaam, na kwa miaka mingi yakakaa pasipo mpango wa kuyafaa. Yalikuwapo, lakini mtu asingeweza kuuliza jalada fulani akaletewa. Katika miaka ya mwisho ya 1960, Nyaraka za Taifa za Tanzania zilipokuwa zimekwisha anzishwa, wataalamu kutoka chuo cha nyaraka cha Marburg, Ujerumani, walisaidia kuyapanga, na orodha yao ikachapishwa mwaka 1973. Mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza majalada hayo katika daftari lake la Kumbukumbu ya Ulimwengu. Majalada yakabaki Dar es Salaam. Kilichotolewa kilikuwa ni ujuzi na muda wa watu. Wakati mwingine sadaka bora si fedha, bali ni mtu ajuaye kazi, akae mezani mpaka kazi iishe.

Sasa tuvuke mpaka kidogo, kwani jirani yetu Kenya ana mambo ya kutufunza. Mombasa ilipata mapema maktaba ya watu wote iliyoitwa kwa jina la Seif bin Salim, kwa hisani ya jamaa yake. Nairobi nayo, mwaka 1931, ilifunguliwa maktaba ya McMillan, jengo la mawe lenye nguzo kubwa mbele yake. Bibi Lucie McMillan aliijenga kwa ukumbusho wa mumewe, Sir William Northrup McMillan, aliyefariki mwaka 1925, na shirika la Carnegie la New York lilisaidia. Humo yaliwekwa magazeti ya zamani ya nchi na vitabu vya habari za Afrika Mashariki, ambavyo vingine ni adimu kuvipata kwingineko. Ilikuwa zawadi kubwa. Lakini ilikuwa na ukuta ndani yake: kwa zaidi ya miaka 25 baada ya kufunguliwa, Mwafrika hakuruhusiwa kuwa msomaji humo. Mzee aliyezifagia ngazi zake hakuwa na haki ya kufungua gazeti lililoandika habari za kijiji chake.

Jina la Carnegie halina budi kufafanuliwa. Andrew Carnegie alizaliwa Uskochi mwaka 1835, mwana wa mfuma nguo maskini, akahamia Marekani akiwa mtoto. Huko bwana mmoja, James Anderson, alikuwa akiwafungulia vijana wa kazi maktaba yake ya vitabu karibu 400, nao wakiazima kila Jumamosi. Kijana yule alipokuja kuwa tajiri wa chuma alijenga maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali. Watu wengi wayajua hayo. Wachache walijua sharti lake. Kwa kawaida hakutoa jengo mpaka mji uahidi kutoa kiwanja, na kila mwaka kutenga fedha, aghalabu sehemu ya kumi ya gharama ya jengo, kwa vitabu, mishahara na matengenezo. Alifahamu kwamba jengo lisilo na fungu la kila mwaka ni kaburi la vitabu. Sharti hilo liliwaudhi baadhi ya watu, lakini lilikuwa na hekima: lilimfanya mpokeaji naye awe mtoaji.

Maktaba ya McMillan ilikabidhiwa kwa Halmashauri ya Jiji la Nairobi wakati uhuru ulipokaribia, na milango ikafunguliwa kwa wote. Miaka ilipopita fungu la matengenezo likawa dogo, na vitabu vikazeeka pamoja na nyumba. Ndipo mwaka 2017 wanawake wawili wa Kenya, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walipoanzisha shirika liitwalo Book Bunk, wakaomba ruhusa ya jiji, wakaanza kuchanga fedha na kufufua matawi ya Kaloleni na Makadara, na kuzipanga na kuzipiga picha karatasi na magazeti ya kale. Neno la kutia moyo ni hili: jengo lililotolewa kwa watu wachache lilitafutiwa uhai mpya na wajukuu wa wale waliokatazwa kuingia.

Nimesema juu ya kupiga picha. Hili ni jambo ambalo wazee wetu hawakulijua, nalo limebadili sura ya sadaka hii. Tangu mwaka 2004 Maktaba ya Uingereza imeendesha mradi wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini ulimwenguni, kwa fedha za mfuko wa hisani wa Arcadia. Mradi huo ndio uliopiga picha vitabu vya Riyadha ya Lamu nilivyovitaja. Kanuni yake ni njema: hati yenyewe haiondoki kwa wenyewe, picha ndiyo isafiriyo. Laiti kanuni hiyo ingalikuwapo siku za Taylor, Mombasa ingalibaki na hati, na London ingalipata nakala.

Lakini picha nayo si dawa ya kila ugonjwa. Yatunzwe vipi mashine zinapobadilika? Nani atalipa kila mwaka? Tumerudi pale pale kwenye fungu la matengenezo. Wala picha haiondoi hatari ya moto kwa vile ambavyo havijapigwa. Mwezi wa Aprili 2021 moto ulishuka kutoka mlimani ukaunguza chumba cha kusomea cha Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na sehemu kubwa ya vitabu vya habari za Afrika ikateketea. Milango ya kuzuia moto ilinusuru baadhi, na watu wa kujitolea wakaja kwa mamia kubeba masanduku yaliyolowa maji. Mwezi wa Julai mwaka huo huo soko letu la Kariakoo nalo liliungua. Bidhaa za soko, kwa uchungu mwingi, zaweza kununuliwa tena. Nakala ya pekee ya gazeti hainunuliki popote.

Basi, wasikilizaji, kutokana na visa hivi vyote twaweza kupima sadaka ya vitabu kwa mizani rahisi. Tuulize kwanza: mlango uko wazi kwa nani? Kwani zawadi yenye ukuta, kama ilivyokuwa Nairobi, yangoja kizazi kingine kuikamilisha. Tuulize pili: fungu la mwaka ujao liko wapi? Maana jengo na kitabu bila mshahara wa mtunzaji ni ahadi tu. Tatu: orodha iko wapi? Na nne: hati yenyewe itakaa kwa nani? Sadaka ikijibu maswali manne hayo vizuri, ni wakfu wa kweli, awe mtoaji wake ni tajiri wa chuma au muuza vitambaa.

Pengine msikilizaji atasema, mimi si Carnegie wala si Arnautoglu, nitoe nini? Wahenga walimjibu zamani: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Katika nyumba nyingi za Kariakoo, Ilala, Gerezani, na za miji mingine ya pwani na bara, yamo masanduku ya marehemu. Ndani yake mna daftari la chama cha kuzikana, barua za vita, picha za timu ya mpira, kadi za chama, stakabadhi za duka, na labda magazeti ya Mambo Leo au Kwetu yaliyofunikia rafu. Siku ya kugawa urithi watu huangalia nyumba na kiwanja; sanduku la karatasi hupelekwa jalalani au kwa muuza karanga afungie bidhaa yake. Hapo ndipo historia ya Mnazi Mmoja inapopotelea, wala si katika vita wala tetemeko.

Kwa hiyo nawasihi. Kabla hujaitupa karatasi ya kale, mwonyeshe mtu ajuaye. Iandike ilikuwa ya nani, na wa wapi, na mwaka gani, maana picha isiyo na jina ni yatima. Usiibandike kwa utepe wa kunata, wala usiianike juani. Ikiwa huwezi kuachana nayo, iruhusu ipigwe picha, kisha irudi nyumbani kwako. Na ikiwa una biashara inayostawi, fikiri kidogo juu ya kasha la karatasi lisilo na jiwe la kumbukumbu, au mshahara wa fundi mmoja wa mwaka mmoja. Jina lako halitachongwa ukutani. Lakini siku moja mtoto atakaa mezani, atafunua ukurasa uliokuwa ukingoni kupotea, na atasoma babu yake alisema nini.

Kwaherini.